Pijo ya Damu ya Mzee

Nicodemus alipopoteza macho, alimwambia mkewe kwamba gari sasa ni la kuku. Alisema kama mtu anayetania, lakini hakucheka, na Bhoke naye hakucheka. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nyumbani kwao Migori, pembeni kidogo ya barabara ya kwenda Isebania. Gari lenyewe, Pijo 404, lilikuwa limesimama chini ya mti wa siala karibu na jiko. Dirisha moja halikufunga vizuri, na haikupita muda kuku wakaingia wakaanza kutaga kwenye kiti cha nyuma.

Ugonjwa ulikuwa presha ya macho. Ulimwanza pembeni, taratibu, akawa anagonga nguzo za lango na kuangusha vikombe, mpaka siku moja akasimamisha Pijo katikati ya barabara ya Uriri kwa sababu hakuweza kujua barabara inaishia wapi na shamba linaanzia wapi. Daktari wa macho alimwambia mshipa umekufa na hautafufuka. Nicodemus alimshukuru, akavaa kofia yake, akamwomba Bhoke amshike mkono mpaka nje. Huko nje akauachia.

Kabla ya hapo alikuwa daktari wa mifugo, na kutoka Uriri mpaka Kehancha hapakuwa na boma lisilojua mlio wa gari lake. Alilinunua kwa padri mmoja aliyekuwa akirudi kwao Ulaya. Rangi yake ilikuwa damu ya mzee, nyekundu nzito yenye weusi ndani yake, na wachungaji wa ng'ombe walipoiona kwa mbali walijua ni siku ya chanjo. Ni katika safari hizo, kwenye josho moja huko Ukuria, ndipo alipomkuta Bhoke ameshika kamba ya ndama wa baba yake. Nicodemus alikuwa Mjaluo wa Rodi Kopany, hakujua hata neno moja la Kikuria. Bhoke hakujua Kijaluo. Kwa hiyo walitongozana kwa Kiswahili, wakagombana kwa Kiswahili, wakalea watoto kwa Kiswahili, na hata baadaye kila mmoja alipojifunza lugha ya mwenzake, ndani ya nyumba yao Kiswahili kilibaki mwenyeji.

Sasa watoto walikuwa wameondoka. Joash, kifungua mimba, alikuwa Nairobi, na wadogo zake walikuwa wameolewa. Nicodemus alikaa sebuleni na redio. Mwanzoni watu walikuja kumwamkia, wakamweleza habari za ng'ombe wao, naye akajibu kwa kifupi, kwa ukali ambao hakuwa nao zamani. Wakapungua. Kwao Rodi hakwenda kabisa, ingawa mama yake mzazi alikuwa hai na alikuwa akimuulizia.

"Nitaendaje?" alimwuliza Bhoke. "Nishikwe mkono kama mwizi anayepelekwa kwa chifu?"

Dada yake, Scovia, aliyekuwa akiuza omena soko la Homa Bay, alikuja kumtembelea mwezi wa pili na mfuko wa omena kichwani. Alikaa na kaka yake, wakazungumza Kijaluo kwa sauti ya chini, kisha akatoka akamfuata Bhoke jikoni.

"Yuora," alisema, maana hivyo ndivyo shemeji wanavyoitana kwao, "mama ameanza kusema kwamba Nico amekufa na sisi tunamficha. Kila nikifika Rodi ananiuliza amezikwa wapi."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia. Ameniambia kipofu anajua njia ya kwao." Scovia aliinua mabega. "Na Nico mwenyewe ameniambia kuna mtu wa vyuma chakavu hapa mjini anayetaka hilo gari. Amesema nikwambie umpe."

Bhoke alikuwa akichambua omena, na aliendelea kuchambua.

Asubuhi iliyofuata, Scovia alipokwisha kuondoka, Bhoke alikwenda kwenye gari kutafuta mayai. Kwa kawaida aliingiza mkono dirishani tu, lakini siku hiyo kuku alikuwa ametaga mbali, ikabidi afungue mlango. Mlango ulilia, ukafunguka. Pale kwenye fremu, mahali ambapo mlango hupafunika ukifungwa, palikuwa na mstari wa rangi ambao jua halikuwahi kuugusa. Ulikuwa mwekundu wenye weusi ndani yake. Bhoke alisimama na mayai mkononi akatazama mstari ule, kisha akatazama mlango kwa nje, uliokuwa umechujuka mpaka kufanana na ufizi wa mtoto, wenye unga mweupe na alama za utomvu na kinyesi cha ndege. Alikuwa amesahau. Ndilo jambo lililomuuma, kwamba hata yeye mwenye macho alikuwa amesahau rangi ya gari lile.

Aliweka mayai ndani, akarudi na karai la maji.

Hakuwa amewahi kufanya kazi kama ile. Alijua kusugua sufuria, basi akaanza kama mtu anayesugua sufuria. Alichukua sabuni ya unga, ile kavu yenye chembechembe, na kipande cha gunia, akaanzia nyuma kwenye buti kwa nguvu zake zote. Uchafu ulitoka. Alipomwagia maji na kuacha pakauke, aliona buti limejaa mikwaruzo ya duara, mamia yake, imepishana kama nywele zilizochanwa vibaya.

"Unasugua nini?" Nicodemus aliuliza kutoka dirisha la sebuleni.

"Naosha gari."

"La kazi gani?"

"Limechafuka."

"Lilichafuka mwaka juzi," alisema, akarudi kwenye redio yake.

Alasiri Bhoke alishuka mjini, kwenye duka la spea la Abdirashid karibu na stendi. Abdirashid alikuwa Msomali aliyefika Migori akiwa kijana, na alimjua Nicodemus tangu enzi za kuja kununulia Pijo plagi na mikanda ya feni. Bhoke alimweleza anachotaka, kwamba rangi irudi, lakini hataki gari lipigwe rangi mpya.

"Kwa nini hutaki mpya? Kuna vijana Kisii wanapuliza vizuri."

"Hiyo itakuwa rangi ya vijana wa Kisii."

Abdirashid akafikiri juu ya jibu hilo. "Umeshaanza?"

"Nimeanza."

"Na nini?"

Bhoke akamtajia sabuni ya unga na gunia. Abdirashid akafumba macho kidogo, kama mtu aliyesikia habari ya ajali ndogo, kisha akaingia nyuma ya duka akarudi na mkebe wa kompaundi ya kung'arishia rangi, mkebe mdogo wa nta, na karatasi laini za msasa wa maji kwa ajili ya ile mikwaruzo.

"Sikiliza, mama. Hii rangi ya zamani ni nene. Jua limeua ya juu tu. Wewe unaondoa iliyokufa, unaacha iliyo hai. Fanya asubuhi, bati likiwa baridi, kwenye kivuli. Sehemu ndogo kama sinia, usizidishe. Kitambaa kiwe cha fulana ya zamani, kimelowa kidogo. Kitambaa kitakuwa chekundu. Usiogope, hiyo ndiyo iliyokufa inatoka."

"Nitajuaje nimefika kwenye iliyo hai?"

"Utajua. Jambo moja tu. Kwenye kona na kwenye mikunjo ya bati, pita polepole kama unampangusa mtoto uso. Pale rangi ni nyembamba. Ukizidisha, inakwisha."

Kesho yake aliamka mapema. Aliosha mlango wa dereva kwa sabuni ya kipande na maji mengi, akaufuta, akachovya fulana ya zamani ya Joash kwenye kompaundi. Alisugua kwa duara, sehemu ya ukubwa wa sinia. Kitambaa kikawa chekundu kama kimefuta damu, na ingawa alikuwa ameonywa, alikiinua akachungulia bati. Aliendelea. Mkono ukachoka, akabadilisha mkono. Kisha akachukua kitambaa kikavu akafuta.

Rangi ilikuwa pale. Ilikuwa damu ya mzee yenyewe, na ndani yake Bhoke aliona jani la siala, kipande cha anga, na uso wake mwenyewe wenye kitambaa kichwani. Aligeuka haraka kuelekea nyumbani, mdomo tayari umefunguka kumwita mumewe aje kuona.

Akaufunga.

Alikaa chini kwenye jiwe la kufulia. Alikaa pale kwa muda, kitambaa chekundu mapajani, akifikiri kwamba watu wote wa Migori wakipita wataweza kuliona gari hili isipokuwa yule mmoja ambaye kwa ajili yake mkono ulikuwa unamuuma. Alijiuliza kama alikuwa anafanya jambo la ukatili bila kujua. Kisha akanyanyuka, akaingia sebuleni, akazima redio.

"Baba Joash, njoo nje kidogo."

"Kuna nini?"

"Njoo."

Alimpa bega, si mkono. Alikuwa amegundua kwamba bega hakulikataa. Walitembea mpaka kwenye gari. Bhoke akachukua kiganja chake akakiweka chini ya mlango, mahali ambapo hakuwa amepagusa. Nicodemus alipapasa. Palikuwa na ukakasi, kama ulimi wa ndama. Alitaka kuondoa mkono, lakini Bhoke akausogeza juu mpaka pale alipopasugua.

Mkono ukasimama. Kisha vidole vikaanza kwenda vyenyewe, taratibu, vikazunguka mpaka kwenye mpaka wa ile sinia, vikarudi katikati.

"Umefanya wewe?"

"Mimi."

"Na nini?"

"Abdirashid amenipa dawa."

Vidole vilikuwa bado vinatembea. "Inaonekanaje?"

Bhoke alitafuta maneno. "Kama siku ile uliyokuja kwa baba na viatu vipya."

Nicodemus akatoa sauti puani, iliyokaribia kuwa kicheko. Kidole chake kikasimama karibu na kishikio cha mlango. "Hapa umeruka. Kuna utomvu."

Bhoke aliinama akatazama. Hakuona kitu. Akapitisha kidole chake, na kweli, palikuwa na tone dogo la utomvu lisilo na rangi, gumu kama ukucha.

"Macho yako yanakudanganya," Nicodemus alisema. "Niletee kiti."

Tangu asubuhi hiyo walifanya pamoja. Bhoke aliosha na kusugua, na kila alipomaliza sehemu, Nicodemus alipita nyuma yake na vidole akimwambia bado hapa, bado hapa, hapa sasa. Alikuwa msimamizi mgumu. Siku nyingine Bhoke alichoka akamwambia kwamba hakuna mtu atakayelipapasa gari namna ile, watu hutazama tu. Akajibu kwamba mbung'o nao hutazamwa tu mpaka wakuume. Baada ya muda akataka kitambaa chake mwenyewe. Akaanza kusugua, na kumbe alikuwa na mkono mzuri, mzito na wa mwendo mmoja, mkono wa mtu aliyezoea kukanda matumbo ya ng'ombe. Huku wakisugua walizungumza. Walizungumza juu ya Joash na mke ambaye hakuwa amempata, juu ya mama yake Bhoke, juu ya fahali mmoja wa Kehancha aliyemrusha Nicodemus kwenye josho mbele ya wazee. Redio ilikaa ndani bila kuwashwa, na betri zake hazikumalizika upesi kama zamani.

Ondieki, fundi wa gereji ya jirani, aliposikia habari alikuja mwenyewe na sanduku la spana. Alifukuza kuku, akabadilisha mafuta ya injini, akasafisha kabureta, akafunga betri aliyoazima. Injini ilikohoa, ikakohoa tena, ikashika. Nicodemus alisimama na kiganja juu ya boneti akisikiliza mtetemo wake.

Boneti ndilo lililoleta shida. Walikuwa wameliacha mpaka mwisho kwa sababu ndilo uso wa gari, na Nicodemus alisema anataka kulifanya yeye. Boneti la 404 lina mkunjo mrefu katikati unaotoka kwenye kioo mpaka mbele. Bhoke alikuwa anapika. Alipotoka na uji, alimkuta mumewe amepata joto la kazi, anasugua kwa nguvu akiimba kidogo kwa Kijaluo, na chini ya kitambaa chake, juu ya ule mkunjo, palikuwa pametokea mstari wa kijivu. Rangi ilikuwa imekwisha. Ile rangi ya chini ilikuwa inachungulia, urefu wa kiganja.

"Baba Joash, kunywa uji kwanza," alisema, akachukua kitambaa mkononi mwake.

Hakumwambia. Nicodemus alikunywa uji, na Bhoke akamsifu kwa kazi yake. Siku ile yote alisema mambo mengi kuliko kawaida yake, na usiku ulipoingia Nicodemus akamwambia, "Sema."

"Niseme nini?"

"Unaniongelesha kama mgonjwa. Kuna nini kwenye boneti?"

Basi akamwambia. Alimwambia ni padogo, ni kiganja tu, na kwamba Abdirashid alikuwa amemwonya juu ya mikunjo lakini yeye hakumpitishia onyo hilo, kwa hiyo kosa ni lake. Nicodemus alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulijua tangu asubuhi."

"Nilijua."

"Ukanipa uji."

Asubuhi hakutoka. Aliwasha redio. Bhoke alipomwita alisema kipofu hapaki rangi, na gari lipewe mtu wa vyuma. Siku iliyofuata alisema hivyo hivyo. Bhoke alikwenda sokoni, akarudi, akafua, akapika, akanyamaza naye. Siku ya tatu alizima redio, akasimama mbele yake.

"Nipe mkono."

"Sitaki kushika boneti."

"Si boneti."

Alimtoa nje mpaka nyuma ya gari. Akaweka vidole vyake juu ya buti, mahali ambapo hata baada ya msasa wa maji na kompaundi, mikwaruzo ya siku ya kwanza haikuwa imeisha yote. Mingine ilikuwa imeingia ndani mno.

"Hii ni nini?" Nicodemus aliuliza.

"Ni mimi. Nilisugua na sabuni ya sufuria na gunia. Ulinisikia dirishani."

Alipapasa. Mikwaruzo ilikuwa mingi. "Hapa uliponipitisha ulisema umemaliza. Ulinirukisha."

"Niliona haya."

"Lakini wewe unaona."

"Naona kwa macho mawili," Bhoke alisema. "Na tazama nilichofanya."

Nicodemus aliegemea buti kwa mikono yote miwili. Mabega yakaanza kutikisika, na kwa muda Bhoke hakujua kama analia au anacheka. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akalazimika kutafuta ukingo wa gari akakaa juu ya bampa, na Bhoke akakaa kando yake, na kuku waliokuwa wamehamishwa wakawatazama.

Abdirashid aliwachanganyia rangi kidogo kwenye chupa. Ilikaribia, lakini ilikuwa nyeusi zaidi kidogo. Bhoke aliipaka kwa brashi ndogo juu ya mkunjo, mpako mwembamba, akaacha ukauke, akapaka tena. Ukisimama kwa mbali hukuona. Ukisogea uliona. Wakapaka nta gari zima, wakaisugua kwa vitambaa vikavu mpaka vidole vya Nicodemus vikawa vinateleza kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma bila kukwama.

"Sasa?" Bhoke aliuliza.

Nicodemus alijua anaulizwa juu ya kwenda Rodi. "Utaendesha wewe?"

"Nani mwingine? Ulinifundisha mwenyewe."

"Nilikufundisha vibaya. Unakanyaga klachi kama unaua nyoka."

Waliondoka Jumamosi asubuhi. Bhoke alikuwa na leseni ya miaka mingi, lakini siku zote alipokuwa na mumewe aliketi upande wa kushoto. Sasa Nicodemus alikaa upande huo, kofia magotini. Walipita Uriri, wakapita Awendo penye harufu ya miwa, na kila mahali yeye alijua walipo kabla ya kuambiwa. Hapa ni daraja. Hapa kuna mteremko, shusha gia. Bhoke alishusha gia. Watu waliokuwa kando ya barabara waligeuka kulitazama gari, na mmoja karibu na Rongo aliinua mkono akapiga kelele, "Daktari." Nicodemus alitoa mkono dirishani akapunga, upande usio sahihi, na Bhoke akamwacha apunge.

Kadiri walivyokaribia Rodi Kopany ndivyo Nicodemus alivyozidi kunyamaza. Walipoacha barabara kuu na kuingia njia ya nyumbani, alivaa kofia, akaivua, akaivaa tena.

Mama yake alikuwa ameketi mlangoni, mdogo, mkavu, na kibiriti na tumbaku yake mapajani. Aliliona gari. Hakuinuka, alingoja. Scovia, aliyekuwa amekuja kutoka Homa Bay kwa ajili ya siku hiyo, alitaka kukimbilia mlango wa gari, lakini Bhoke alimfanyia ishara asubiri. Nicodemus alifungua mlango mwenyewe. Alisimama, akashika mlango, kisha akapitisha kiganja kwenye ubavu wa gari, akalifuata bati lake mpaka mbele. Hapo bati likaisha. Kati yake na mama yake palikuwa na uwanja mtupu.

"Mama," aliita.

"Niko hapa."

Akaifuata sauti. Alitembea polepole, mikono mbele kidogo, mpaka mguu ukagusa ngazi. Akapiga magoti. Bibi yule alimshika uso kwa mikono yake miwili, akapitisha vidole gumba juu ya macho yake, jicho moja, kisha la pili.

"Nyathina," alisema, mwanangu, na yaliyofuata aliyasema kwa Kijaluo, lakini Bhoke kufikia wakati huo alikijua vizuri. "Ulinificha haya?"

"Sikutaka unione hivi."

"Siku niliyokuzaa hukuwa unaniona pia. Nilikubeba tu."

Nicodemus aliweka kichwa mapajani pake, juu ya tumbaku na kibiriti, na wote waliokuwa pale wakapata jambo la kutazama kwingine.

Baadaye walikula samaki na kuon, ugali wa kwao, na majirani wakaanza kufika. Walilizunguka gari, wakaulizana nani amelipuliza rangi. Kati yao alikuwapo James, binamu wa Nicodemus aliyeishi ng'ambo ya kijito. Huyu hakulitazama gari sana. Alikaa, akainuka, akakaa tena, mwishowe akasema.

"Daktari, samahani, najua hukuja kwa kazi. Nina ng'ombe wa maziwa ambaye hali tangu juzi. Nadhani amekula majani mabaya."

Scovia alimkazia macho anyamaze. Bhoke aliona vidole vya mumewe vikisuguana, kidole gumba juu ya vidole vingine, kama vinavyofanya kabla ya kugusa bati.

"Yuko wapi?" Nicodemus aliuliza.

Walikwenda kwa miguu, mkono wake juu ya bega la Bhoke. Ng'ombe alikuwa amefungwa nyuma ya nyumba ya James, kichwa chini. Nicodemus alianza kwa kumsemesha. Kisha akamgusa pua, iliyokuwa kavu, na masikio, yaliyokuwa moto. Vidole vikashuka chini ya sikio, vikasimama, vikazunguka kitu, vikarudi. Akahamia mbele ya bega akapapasa huko pia. Alipita mwili mzima namna hiyo, bila haraka, huku watu wamemzunguka na James ameshika kamba.

"Si majani," alisema hatimaye. "Shika hapa, chini ya sikio. Sikia hiyo tezi, imevimba kama yai. Na huyu hapa ndiye aliyeuleta ugonjwa." Alikuwa ameshika kupe kati ya vidole viwili. "Ni ndigana, homa ya kupe. Haijaingia kifuani bado, pumzi yake ni safi. Kuna daktari kijana pale Rodi. Nenda leo, usingoje Jumatatu. Mwambie ni mimi nimempapasa."

James alikwenda na baiskeli saa ile ile. Daktari kijana alikuja kabla ya jua kuzama, akapima homa, akachoma sindano, na kabla ya kuondoka alipita kumwamkia Nicodemus. Wakakaa nje wakizungumza juu ya kupe mpaka chai ikapoa mara mbili. Bhoke aliwasikia akiwa ndani na mama mkwe wake. Sauti ya mumewe ilikuwa ile ya zamani, ya mtu anayeeleza jambo bila hasira.

Walikuwa wamepanga kulala usiku mmoja. Walikaa wiki. Ng'ombe wa James akapona, na habari zikatembea, maana habari ya ng'ombe aliyepona haitembei kwa miguu. Walipokuwa Homa Bay kumtembelea Scovia, watu wawili walimfuata Nicodemus sokoni na maswali, naye akajibu akiwa amesimama kati ya mabeseni ya omena, mkono begani kwa mkewe.

Tangu hapo, siku nyingi za Jumamosi, Pijo ilionekana barabarani. Walikwenda Uriri, wakaenda mpaka Kehancha kwa ndugu za Bhoke, ambako wazee walimkumbusha Nicodemus yule fahali. Dawa hakutoa tena, hilo aliwaachia wenye macho. Alipapasa tu, akasema alichokisikia, na mara chache sana alikosea. Siku nyingine alikuwa na huzuni, akakaa ndani, na Bhoke akamwacha. Siku nyingine ni yeye aliyekuwa wa kwanza kusimama kwenye gari, amevaa kofia, anapapasa kona za milango kutafuta utomvu.

Jumamosi moja walikuwa wanapanda kilima kabla ya Uriri, gari likianza kulemewa.

"Gia," Nicodemus alisema.

"Nimesikia."

"Sasa mbona hushushi?"

"Kuna trekta linakuja mbele. Nangoja lipite."

Akasikiliza. Trekta lilipita, mlio wake ukabaki nyuma. Bhoke akashusha gia, taratibu safari hii, na injini ikavuta.

"Nani alikufundisha hivyo?" Nicodemus aliuliza.

"Nimejifunza mwenyewe," Bhoke alisema, wakaendelea kupanda.